Nani Yupo Mwezi wa Pili

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Mvua tangu alfajiri. Wahudumu wamefika wamelowa, viatu vimejaa tope, wakaviacha mlangoni kama kawaida. Chai, viazi vitamu, kisha mzunguko. Kila mmoja anasimulia wagonjwa wake. Nani amekula, nani amekataa dawa, nani amenuniana na mkwe. Felista huwa wa mwisho kumaliza. Akianza na kidonda cha mtu anapitia ng'ombe, ndizi na ubatizo wa mjukuu, ndipo akumbuke kidonda. Nimemwambia ataitwa mbinguni kabla hajafika mwisho wa habari. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Nazipenda hizi Jumatatu. Tangu nistaafu uuguzi na parokia inikabidhi kikundi hiki cha kutembelea wazee na wagonjwa majumbani, hii ndiyo wodi yangu. Haina vitanda, ina masikio.

Wafadhili wametuma neno. Wanataka kila mgonjwa awe na mpango wake wa huduma, na mipango yote ikae kwenye kompyuta. Tuchague programu, tuanze kuitumia mwaka mpya. Wahudumu wamenitazama mimi. Mimi nimetazama birika.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwa Bibi Apolonia leo. Miguu imemvimba kidogo, presha si mbaya. Nimemkuta anamenya ndizi za mtori, kisu kinakwenda chenyewe, macho yako kwa ng'ombe.

Nilipoletwa huku mlimani Kilema kama bi harusi, mtoto wa Mabogini kule tambarare niliyejua mpunga tu, ni yeye aliyenifundisha migomba. Ipi ya kupika, ipi ya pombe ya mbege, jani lipi la ng'ombe, mche upi usiguswe. Alinicheka wiki nzima kwa jinsi nilivyobeba mzigo wa majani. Wakati ule kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kilijaa watoto, kahawa imeanikwa, marehemu mumewe anaimba kwa sauti mbaya. Sasa yuko peke yake na ng'ombe mmoja. Watoto wote Dar. Hata Deodati, kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye wa kubaki na mama na kurithi kihamba, anauza vipuri vya magari Kariakoo.

Deodati anataka kumchukua. Mama hataki. Anasema mumewe amelala pale kaburini, kwenye mimea ya masale, na yeye atalala pembeni yake, Dar atazikwa na nani. Tulikubaliana na Deodati mwaka jana: mama abaki, mradi Felista amfikie kila Jumatano na Jumamosi. Nilimpa neno langu. Bibi ameniuliza tena leo kama neno lile bado lipo. Nimesema lipo.

Jumanne, 18 Novemba

Tumechagua. Kazi ya siku nzima.

Programu ya kwanza ni ya wafadhili wenyewe, kwa Kiingereza, nzuri kwa macho, rangi kama za kanisa. Inauliza kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi kwenda chumbani. Inauliza anaoga kwenye bafu la kukaa au la kusimama. Haina pa kuandika kwamba choo kiko ng'ambo ya mfereji. Nimeuliza tunaweza kubadilisha maswali. Hapana, hadi waandikiwe kwao.

Ya pili ameitengeneza Neema, mwalimu wa kompyuta wa mjini. Mwanamke wa Machame, Mlutheri, anaongea kama anayekata kuni. Ya Kiswahili. Maswali machache. Ukijibu, inakupa mpango: mgonjwa atembelewe mara ngapi, na nani, aangaliwe nini. Umeme ukikatika haipotezi ulichoandika. Nimemuuliza kama wanawake wote wa Machame wanapenda kupangia watu kazi. Akasema ndiyo, na wa Kilema wanapenda kupangiwa.

Nimempenda. Tumechukua ya kwake. Wafadhili wamekubali, kwa shingo upande.

Jumatatu, 1 Desemba

Mafunzo. Felista ameishika mausi kama anayeshika panya kweli. Baadaye akaweza. Mimi nimechelewa kuliko wote. Miwani, vidole, hasira.

Neema ameeleza utaratibu mpya. Kuanzia Januari kila Jumatatu mhudumu atapita parokiani, atachukua karatasi yake ya wiki iliyochapwa, atakwenda moja kwa moja kwa wagonjwa. Mzunguko wa chai hautahitajika. Utaokoa asubuhi nzima, na asubuhi nzima ni wagonjwa wengi. Ni kweli.  Wanaotuhitaji wameongezeka, wahudumu ni wale wale, na kichwa changu kimeanza kuchanganya watu.

Nimeosha vikombe mwenyewe. Nimevikausha taratibu kuliko kawaida.

Jumanne, 23 Desemba

Mlima umejaa. Magari ya Dar na Arusha tangu jana, mbuzi kwenye buti, muziki kila kihamba. Hivi ndivyo ninavyoukumbuka mlima ulivyokuwa siku zote, si Desemba tu. Milango wazi, moshi kila paa, watoto wanakimbizana kwenye mfereji. Nimefurahi hadi nikaona haya.

Tunajaza mipango nyumba kwa nyumba. Neema anataka yote iingie kabla ya mwaka mpya, na ni kweli sasa ndiyo rahisi, watu wote wako nyumbani wa kujibu maswali. Felista anauliza, mimi naandika.

Kwa Bibi Apolonia tumeketishwa mbele ya watu wengi. Watoto, wakwe, wajukuu nisiowajua majina. Bibi amevaa kitenge kipya, amekaa kitini wima kama anayepigwa picha. Felista akafika kwenye swali: nani anaishi na mgonjwa na kumtunza.  Deodati akasema, sisi. Felista akamtazama Bibi. Bibi akasema, wanangu.

Nikaandika: watoto.

Ningefanya nini? Mtu hawezi kumwambia mama mbele ya wakweze kwamba anaishi peke yake. Ni kumvua nguo yeye na wanawe pamoja. Nikajisemea mambo haya tutayaweka sawa Januari watu wakishaondoka, kama kila mwaka. Halafu nyama ikaletwa.

Ijumaa, 26 Desemba

Mwanangu Ludo amekuja na watoto. Nyumba imejaa. Sijaandika kitu. Sitaki.

Jumatatu, 12 Januari 2004

Wameondoka wote. Ludo jana. Mlima umenyamaza, vumbi tu limebaki barabarani.

Parokiani asubuhi. Printa imelia, kila mhudumu akachukua karatasi yake, asante, kwaheri. Kufumba na kufumbua niko peke yangu na Neema. Kazi imekwenda vizuri sana. Lazima niseme ukweli, imekwenda vizuri. Mzee mmoja wa kisukari alikuwa anasahauliwa kila mara tukibishana. Sasa yumo, siku yake inajulikana.

Januari ya zamani mzunguko wetu ulianza na swali moja: kwa nani wameondoka? Felista alikuwa anataja kihamba kimoja kimoja kuanzia juu kanisani kushuka hadi barabara kuu. Fulani amebaki na mjukuu. Fulani amebaki na ng'ombe. Ilikuwa kama kusoma majina ya marehemu, tulikuwa tunachekeshana ili tusilie.

Leo hakuna aliyeuliza. Nilikuwa na mafua, nikarudi nyumbani kulala.

Jumatano, 28 Januari

Mafua yamegeuka kifua. Siku nyingi kitandani. Neema amepanda kutoka mjini kuniletea ripoti ya mwezi na machungwa. Ziara zote zilizopangwa zimefanyika. Zote. Haijawahi kutokea. Ameniandalia uji bila kuulizwa, mzito mno, uji wa Kimachame. Nimeunywa.

Jumanne, 10 Februari

Bibi Apolonia ameanguka.

Jirani wa juu alisikia ng'ombe akilia asubuhi nzima. Akadhani ameibiwa ndama. Alipofika akakuta zizi halina jani, ng'ombe mbavu nje, na Bibi ndani, kitandani, mkono umevunjika, nyonga imevimba. Alikuwa ameteleza kwenye mfereji akikata majani. Akajikokota hadi ndani. Hatujui alilala pale siku ngapi, yeye mwenyewe hasemi. Alikuwa anakula ndizi mbichi zilizobaki kando ya kitanda.

Jirani hakuwa ameona moshi tangu wiki iliyopita. Akadhani Bibi amewafuata wanawe Dar na ng'ombe amemwachia mtu wa kumlisha.

Yuko hospitali. Ataishi. Nimemshika mkono ule mzima. Yeye ndiye aliyeniuliza kifua changu kinaendeleaje.

Jumatano, 11 Februari

Nimemwita Felista. Nilitaka kumgombeza. Alikuja amevimba macho, sikuweza.

Karatasi yake ilimwambia Bibi Apolonia atembelewe mara moja kwa mwezi. Anaishi na watoto, anatunzwa na watoto, hatari ndogo. Mwezi wa kwanza zamu yake iliangukia wiki ya kwanza, watoto wakiwa bado wapo, wakamkaribisha pombe. Zamu ya pili ikawekwa mwisho wa Februari, na karatasi ikajaa wengine. Alimkumbuka, anasema. Kila Jumatano alikuwa anamkumbuka. Akajiambia kompyuta inajua, Mama Ludo ameiangalia.

Mama Ludo alikuwa kitandani na machungwa.

Nimekasirika siku nzima na sijui nimkasirikie nani. Wanawe waliosema sisi. Yeye aliyesema wanangu. Mimi niliyeandika.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeshuka mjini kwa Neema. Njia nzima nilikuwa nampangia maneno. Mashine yako. Umetunyang'anya chai yetu. Umemuua nusu mtu.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Hakujitetea. Akaniuliza kitu kimoja tu: ni wangapi wengine waliojaza Desemba wakiwa na nyumba iliyojaa?

Nikahesabu. Ni karibu wote.

Tumeketi hadi ofisi ikafungwa, tukapitia mgonjwa mmoja mmoja. Mimi nakumbuka, yeye anarekebisha. Huyu mwanawe yuko Mwanza. Huyu ana mjukuu wa darasa la pili, ndiye mtunzaji. Huyu hana mtu. Huyu pia. Tulipofika katikati Neema alivua miwani. Akasema mama yake yuko Machame peke yake, na yeye mwenyewe Krismasi angejibu vile vile, tena kwa sauti.

Lile swali amelifuta. Badala yake ameweka: mwezi wa pili nani analala humu? Swali la ajabu. Hakuna mzungu atakayelielewa. Kila mtu wa mlimani atalielewa. Na kila Januari programu itatulazimisha kuuliza upya, haitatoa karatasi ya wiki mpaka tuulize. Na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi wahudumu wanakaa. Hilo nimelidai mimi. Amesema atalileta birika yeye.

Sina tena hasira na Neema. Hofu imebaki. Deodati anafika kesho.

Jumapili, 15 Februari

Kikao kwa Bibi Apolonia baada ya misa. Hospitali imemruhusu, mkono kwenye plasta, anatembea kwa fimbo. Amekaa kiti kile kile cha Krismasi. Safari hii watu wachache: yeye, Deodati, jirani, baba mdogo wa ukoo, mimi na Felista.

Nilijiandaa. Nilikuwa na mpango mpya, Neema ameuchapa mwenyewe. Felista kila siku hadi mkono upone. Jirani jioni. Majani ya ng'ombe kwa zamu, vijana wa jumuiya. Mimi Jumapili. Nikausoma wote. Ulikuwa mpango mzuri, bora kuliko wowote tuliowahi kufanya. Baba mdogo akatikisa kichwa akikubali. Nikaona kama tunashinda.

Deodati hakubishana. Aliniamkia vizuri alipofika, shikamoo Mama Ludo, akanibebea mkoba. Aliusikiliza mpango wote akitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, kwamba nilivunja neno langu. Hata moja hakusema. Akainuka, akatoka nje kuelekea kaburini kwa baba yake.

Akarudi na jani la sale, amelifunga fundo.

Akapiga magoti mbele ya mama yake, mtu mzima yule, na suruali ya Kariakoo, kwenye sakafu ya udongo. Akamwekea lile jani mapajani.

"Mama, nilisema sisi, na haikuwa kweli. Nisamehe. Naomba unipe nafasi iwe kweli."

 Kwetu ukiletewa sale hukatai. Hata kama umeuliwa mtu, ukiletewa sale unasamehe. Na kumsamehe huyu, kwa jinsi alivyoomba, ni kwenda naye.

Bibi alilitazama lile jani muda mrefu. Akaligeuza kwa vidole vya mkono mzima. Kisha akanitazama mimi, si mwanawe.

"Ningesema nini siku ile, Mama Ludo, wakwe wamekaa? Nilisema wanangu kwa sababu nilitaka wawe wao."

Akalipokea jani. Akalifungua fundo.

Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi. Nimeikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Jumamosi, 21 Februari

Wameondoka asubuhi. Ng'ombe amekwenda kwa jirani. Bibi ameaga kaburi peke yake, hakutaka mtu. Amesema anakwenda kutibiwa, atarudi masika yakiisha. Sote tumesema ndiyo, utarudi.

Alivaa kitenge cha Krismasi na koti la marehemu. Deodati alimpakia garini kama anayepakia mayai. Anampenda. Hilo nalo linaniuma, kwa sababu sina wa kumlaani.

Felista alifunga mlango akanipa ufunguo. Nyumba ile sikuwahi kuiona imefungwa. Tangu nije Kilema, sijawahi.

Jumatatu, 1 Machi

Wahudumu wamekaa leo. Neema kweli amekuja na birika. Tumepita kihamba kwa kihamba, Felista akaongea mpaka jua likawa kali, na Neema anachapa haraka awezavyo. Ameuliza kama anaweza kuruka habari za ubatizo. Nimemwambia hapana.

Walipoondoka akaniambia bado kuna mgonjwa mmoja wa kufunga. Programu inataka sababu. Kuna tatu tu: amepona, amefariki, amehama. Nimeziangalia. Hakupona. Hakufariki. Na yule hakuhama, yule mwanamke hajahama hata siku moja maishani mwake, amebebwa na jani.

Nimesema nitafunga wiki ijayo.

Jumapili, 23 Mei

Mvua inaisha. Mlima umetoka asubuhi, mweupe hadi chini kuliko miaka hii yote.

Sijafunga. Neema anaona kila akija, hasemi. Kwa hiyo kila Jumatatu karatasi ya Felista inatoka na jina la Bibi Apolonia, Jumatano, na Felista anakwenda. Hakuniuliza, sikumtuma. Anachukua ufunguo kwangu na kuurudisha, anafungua madirisha, anafagia ua, anawasha moto kidogo ili paa lisioze. Kisha anajaza fomu ya ziara kama ya mgonjwa yeyote. Mgonjwa hayupo. Nyumba nzima. Migomba miwili imeinama kwa upepo, imewekewa nguzo. Kaburi limepaliliwa. Ng'ombe aliyeko kwa jirani anatarajia kuzaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Felista anaandika kwa ufupi.

Hii si kazi ya kikundi na wafadhili wakijua watauliza. Nitawajibu wakiuliza.

Jumapili Deodati hunipigia, kisha anampa mama simu. Hali si mbaya. Miguu imepungua kuvimba. Wajukuu wanamlilia awasimulie hadithi, na mkwe anampikia vizuri, na yeye anasema vizuri kila swali, nami sasa najua hiyo vizuri yake ina maana gani. Hazungumzii kurudi. Mimi pia sizungumzii. Namsomea fomu ya Felista. Neno kwa neno, pamoja na tarehe. Nasikia anapumua, na magari ya Dar kwa nyuma. Nikimaliza anasema haya.

Leo nilipomaliza hakusema haya. Aliuliza kama Felista akienda pale anakula.

Nikamwambia anakula.

Akauliza anapikiwa na nani.

 Akasema mgeni hawezi kufagia ua wangu akaondoka na njaa, Mama Ludo, watu watasema nini. Kuna mkungu upande wa jikoni lazima umeshakomaa. Akate huo. Sufuria iko juu ya dari, chumvi kwenye kopo la kahawa. Apike ale ndipo aondoke.

Nimemwambia sawa, Mama. Ufunguo uko kwangu, nitamwambia Felista kesho, na Jumatano nitakwenda naye tukapike.